Mkia wa Jeerde

Haya niliambiwa na Janyl, mwaka uliofuata kifo cha mama yake, majani yalipoanza kuchipua. Tulikuwa uani kwake tunakanyaga sufu ya zulia, iliyomwagiwa maji ya moto ili ishikane. Janyl naye alikuwa ameshakuwa bibi kama mimi, magoti yanalia kila tukikanyaga. Akasema, "Mama hayupo sasa, naweza kukueleza." Akaeleza polepole, na maji ya moto yalipopoa tukakaa juu ya kuni, akamaliza.

Wakati huo Janyl alikuwa msichana, hajaolewa. Kaka yake Sagyn alikuwa mchunga farasi wa shamba la ushirika, na majira ya baridi yote alikuwa juu mlimani, malisho ya Arpa, na kundi. Nyumbani walibaki wanawake watatu: Janyl, mama yake Toktokan, na Aimkan mke wa Sagyn, aliyekuwa na mimba kubwa.

Mimba hiyo ndiyo iliyokuwa ikiangaliwa na nyumba nzima. Aimkan alikuwa ameshapoteza mtoto. Baba yake mzazi alipofariki, mpumbavu mmoja alimpigia ukelele kutoka juu ya farasi, yeye yuko kisimani na ndoo zake: "Wee Aimkan! Baba yako amekufa!" Kwetu habari ya kifo haitupwi hivyo. Watu hukusanyika kwanza, huja asubuhi, humkalisha mtu chini, wakazunguka kwa maneno mpaka aelewe mwenyewe. Aimkan alianguka palepale kwenye barafu ya kisima, na kabla hakujapambazuka mtoto akatoka, hajatimia. Baadaye akapata mwingine, naye akatoka vilevile, huyo bila hata kelele ya mtu. Basi huyu wa tatu Burul mkunga alisema wazi, tena mbele ya wanaume: "Huyu akitoka vibaya, na mama yake anakwenda naye. Mwacheni mwanamke huyu atulie. Asibebe maji, asibebe habari."

Sasa kulikuwa na Jumaday. Huyu alifundisha watoto kuchora pale shuleni, na yeye mwenyewe alichora farasi. Wengine huchora farasi wenye shingo ndefu na macho kama ya bibi harusi. Jumaday alichora farasi aliyemwona. Mwenyekiti wa shamba aliwahi kumwita achore farasi wake, akampa chai na nyama ya mbavu, na picha ilipokwisha farasi alikuwa na kidonda mgongoni, kile cha tandiko baya, kimechorwa pamoja na nzi wake.

"Si ungekifunika tu?" mwenyekiti akasema.

"Kifunike wewe, kwa dawa," Jumaday akamjibu. "Mimi nimekikuta."

Watu walicheka mwezi mzima. Tangu hapo, mtu akitaka kujua farasi wake amekonda kiasi gani huko malishoni, alisubiri Jumaday arudi na mbao zake. Alichorea kwenye mbao nyembamba, kwa rangi za mafuta, na hakuna aliyemkuta hata mara moja ameongeza kitu au amepunguza.

Majira hayo ya baridi akaomba kupanda Arpa, akawaone farasi wakifukua theluji kwa kwato. Siku ya kuondoka alipita kwa Toktokan kuchukua mzigo wa Sagyn: mkate wa kukaanga, jibini kavu, na mafuta ya kupaka usoni. Aimkan akamwambia, "Mwalimu, nichoree Jeerde wetu. Mwenye farasi usihangaike naye, sura yake naikumbuka."

"Sikia huyu!" Toktokan akasema. "Mume yuko baridini, yeye anataka picha ya farasi."

"Mama, farasi ndiye anayemrudisha nyumbani. Yeye mwenyewe njia haijui."

Wakacheka wote. Jeerde alikuwa farasi mwekundu wa kahawia, mkubwa, mwenye mkia mpaka chini. Aimkan ndiye aliyekuwa akimtoa miiba mkiani kila kundi liliposhuka.

Jumaday hakukaa sana huko juu kabla ya mabaya. Mvua ilinyesha katikati ya baridi, jambo ambalo wachungaji wanaliogopa kuliko mbwa mwitu. Ilinyesha mchana, jioni ikaganda, na theluji yote ikawa na kigaga cha barafu juu yake. Farasi wakapiga kwato, kigaga hakivunjiki, miguu inachanika. Wakakaa na njaa. Halafu upepo ukaja na theluji mpya, hata mtu hauoni mkono wake. Farasi mwenye njaa haukabili upepo. Anaupa mgongo, anatembea nao unakompeleka, na kundi zima linamfuata. Upepo ulikuwa unaelekea kwenye makorongo.

Sagyn alipanda Jeerde akawafuata. Omurkul, mwenzake wa tangu utotoni, alimwambia wasubiri. Sagyn akasema, "Wakishaingia korongoni utasubiri nini, ngozi?" Akaenda. Aliwageuza farasi wengi, hilo lilionekana baadaye kwa nyayo. Yeye mwenyewe hakurudi.

Dhoruba ilipokatika wakamkuta ukingoni mwa korongo, amekaa, hatamu imezungushwa mkononi. Jeerde alikuwa amesimama juu yake, makalio kwenye upepo, akimkinga. Alikuwa amechelewa kumkinga.

Njia ya mlimani ilikuwa imefungwa kwa theluji, hakuna namna ya kumteremsha. Ardhi ilikuwa kama chuma. Wakawasha moto wa kinyesi kikavu cha farasi juu yake ili ilainike, wakachimba palipolainika, wakawasha tena, wakachimba tena. Wakamzika huko, wao wachungaji na Jumaday, bila mwanamke hata mmoja wa kumlilia. Kisha Omurkul akashika mkasi wa kunyolea kondoo akamkata Jeerde mkia na singa za shingo, kama inavyofanywa kwa farasi wa mtu aliyekufa. Farasi wa namna hiyo hapandwi tena. Huachwa atembee na mkia wake mfupi, kila mtu amwone na ajue, mpaka karamu ya kutimia mwaka wa kifo, ambapo huchinjwa. Wakamwachia, akarudi kundini.

Siku iliyofuata Jumaday akatoa ubao akaanza kuchora. Rangi ziligandia kwenye visanduku vyake, akawa anazilainisha kwa mafuta ya taa karibu na jiko, anatoka, anachora kidogo, anarudi ndani kuuguza vidole.

Omurkul akamwambia kwa hasira, "Mtu ameingia ardhini jana, wewe unapaka rangi?"

"Nifanye nini, Omurkul? Mikono yangu haijui kitu kingine."

Akachora kundi lilivyokuwa. Akamchora na Jeerde alivyokuwa.

Njia ilipofunguka kidogo, wawili hao wakashuka. Omurkul aliingia kijijini kwa mzunguko, akaenda kwanza kwa wanaume, na wanaume wakakubaliana haraka. Mke asiambiwe mpaka ajifungue. Hema la msiba lisisimamishwe, mtu asilie njiani, watoto wafungwe midomo. Kumbuka maana yake: mtu mzima, baba wa nyumba, aende zake bila sauti ya kilio, kama mbwa aliyekufa nyuma ya banda. Waliliona hilo, wakalikubali.

Toktokan waliamua kumwambia. Alikuwa mama, wasingeweza kumnyima. Wakamwita nyumba ya jirani kwa kisingizio cha kuangalia ng'ombe anayezaa, wakamkalisha. Janyl walikuwa wamemwita pia, akakaa nyuma ya mama yake. Mzee mmoja akaanza yale maneno ya kuzunguka, kwamba mlima umekula wengi, kwamba hata tai huishiwa na mbawa. Toktokan hakumwacha amalize.

"Mkwe wangu anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Basi na mimi sijui."

Janyl anasema mama yake alijisokomeza kinywani ncha ya kitambaa cha kichwa akaiuma. Alikaa hivyo, mabega yakiruka. Kisha akaitoa, akaikunja sehemu yenye alama za meno kwa ndani isionekane, akasema, "Njoo Janyl, unga umeshaumuka," wakarudi nyumbani kukanda mkate.

Ila picha walikuwa wameisahau. Watoto walikuwa wamemwona Jumaday akishuka na ubao mgongoni, na kabla ya mchana Aimkan alikuwa na habari ya picha. Akamwambia Janyl, "Wifi, kimbia kwa mwalimu. Mwambie Jeerde wangu aje, nimemsubiri vya kutosha."

Janyl akaenda. Alimkuta Omurkul huko, amesimama mbele ya ubao, uso umemsawijika. Jeerde alikuwa katikati ya picha, mkia umekatwa.

"Una wazimu?" Omurkul alikuwa anasema. "Ulitaka kumtundikia kifo ukutani?"

"Nilimchora kabla hamjaamua kuficha."

"Kivunje hicho kibao. Sema kilianguka."

"Atasema nichore kingine."

"Usiende kabisa. Uumwe."

Janyl akasema, "Kaka, ameshajua picha ipo. Asipoiona leo atakuja mwenyewe kwa miguu, kwenye barafu hii."

Kisha Omurkul akasema lile ambalo wote watatu walikuwa wanalifikiria. "Mwongezee mkia."

Jumaday akatikisa kichwa. "Mkia huo sikuuona."

"Si ulikuwa unamwona kila siku kabla ya dhoruba! Uone kwa akili."

"Kwa akili sijui kuchora. Ningejua, ningekuwa mtu mwingine."

"Mwalimu," Janyl akasema, "mtoto yule ndiye pekee aliyebaki wa kaka yangu."

Jumaday akachukua ubao, akachukua brashi, akatoka. Shingo haikuwa na taabu, theluji ilikuwa imeifunika. Taabu ilikuwa mkia. Alisimama uani muda mrefu, brashi mkononi, wala hakugusa ubao. Kisha akaenda banda la mwenyekiti, alikofungwa yule farasi wake wa kidonda, sasa amepona, amenona, amesuguliwa. Akakaa kwenye ndoo nyuma yake, akauchora mkia wake. Janyl alimshikia ubao. Anasema aliuchora vizuri mno, unywele kwa unywele, rangi ameibadilisha ikawa nyekundu ya Jeerde, na alipomaliza akaifuta brashi kwa majani makavu, akaifuta tena.

Picha ikapelekwa. Jumaday akawaambia wasiguse, haijakauka. Wakaiegemeza juu ya sanduku la nguo, mwanga wa dirisha ukaipiga, na Aimkan akaja mbele yake, mkono kiunoni, tumbo mbele.

Lilikuwa kundi katika theluji baada ya dhoruba. Farasi wote wameupa upepo mgongo, vichwa chini, kope nyeupe. Mbavu zinahesabika. Jike mmoja miguu ilikuwa na damu pale kigaga kilipomkata, na damu hiyo imeganda nyeusi. Mikia yote ilikuwa imepeperushwa mbele, imeingia katikati ya miguu ya nyuma mpaka chini ya tumbo, na imejaa mabonge ya barafu kama mawe yaliyofungwa kwenye nyuzi. Kila mkia. Na katikati yao Jeerde, kichwa chini kama wenzake, theluji mgongoni kama wenzake, mkia wake umening'inia chini, mkavu, umechanwa, kama farasi aliye bandani ambaye upepo haumjui.

Aimkan aliangalia sana. Alikuwa mtoto wa wachungaji, amezaliwa kwenye hema.

"Vipi?" Toktokan akauliza, sauti ya kuchangamka. "Ndiye?"

"Ndiye," Aimkan akasema. "Umempatia, mwalimu. Wekeni mbali na jiko, isipate moshi."

Akamkaribisha Jumaday chai, akaitia maziwa na chumvi kwa mkono wake. Akauliza, "Na mwenye farasi? Ulimwachaje?"

Jumaday, ambaye hakujua kuongeza wala kupunguza, akashika bakuli kwa mikono miwili. "Nilimwacha amekaa."

"Amekaa?"

"Amekaa na Jeerde."

"Mvivu tangu utoto!" Toktokan akadakia. "Nikimtuma maji namkuta amekaa, nikimtuma kuni namkuta amekaa. Pole mwanangu, ndiye niliyekuzalia."

Aimkan akatabasamu. Jumaday akanywa chai yote kwa mara moja, ikamchoma, akaaga.

Jioni ile Aimkan akasema anataka kunyoosha miguu, akamfuata Janyl bandani alikokuwa anakamua. Akaegemea ubavu wa ng'ombe. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Wifi, mmemzika wapi?"

Janyl akaacha kukamua.

"Endelea kukamua. Mama akisikia maziwa yamenyamaza atatoka."

Janyl akaendelea. Anasema alikuwa haoni ndoo.

"Huko huko Arpa," akasema.

"Nani alimkata mkia?"

"Omurkul."

"Vizuri. Mkono wake hautetemeki." Akampapasa ng'ombe mgongo. "Huo uliowekwa pale ni mkia wa farasi wa mwenyekiti, mwingine anayechanwa baridi hii hayupo. Jumaday angekuwa na mkia wa Jeerde wa kuchora, angeuchora na barafu yake. Hakuwa nao. Na mama anajua?"

"Anajua."

"Nilidhani hivyo. Leo amechekacheka sana."

Janyl akaanza kulia, na Aimkan akamshika nyuma ya shingo, kwa nguvu, kama unavyomshika mwanakondoo. "Hapana. Sikiliza. Usimwambie mama kwamba najua. Akijua atalia, akilia nitalia, nikilia huyu atatoka. Nimeshajifunza mwili wangu. Kwa hiyo na mimi sijui. Umesikia? Mtabeba ninyi huko, na mimi nitabeba hapa, mpaka atoke mwenyewe."

Hivyo ndivyo walivyoishi, na Janyl katikati yao, ambaye ndiye pekee aliyejua pande zote mbili. Asubuhi Toktokan angesema, "Leo jua limetoka, huko juu mtoto wangu ataota jua." Aimkan angejibu, "Ajifunike uso, asije akaungua." Jirani angeingia na uongo wake: "Mumeo ameshaoa jike mmoja huko, ndiyo maana hashuki!" Wakacheka wote watatu, na jirani akitoka Janyl alimsikia nje anapiga kifua.

Toktokan akasema wasokote sufu ya ngamia wamfumie Sagyn soksi, za mwaka jana zimetoboka. Alisema hivyo kwa sababu kila mwaka alisema hivyo, na asingesema ingeonekana. Basi wakakaa kila mmoja na mguu wake, Toktokan wa kushoto, Aimkan wa kulia. Wanafuma. Wanapimiana urefu wa wayo. "Wa kwake ni mrefu kidogo," anasema mmoja. "Hapana, ni hapa," anasema mwingine. Janyl anasema hilo lilikuwa gumu kuliko siku ya habari yenyewe. Alitoka nje akaweka theluji usoni.

Soksi zilipokwisha zikapewa Omurkul apande nazo. Aliporudi, Aimkan akamuuliza, mama mkwe akiwa palepale, "Shemeji, zimemtosha?"

Omurkul akasema, "Zimemtosha."

"Nilidhani tumezifanya ndogo."

"Zimemtosha kabisa, shemeji. Amesema zina joto."

Jumaday yeye hakuonekana tena kwao. Shuleni alifundisha watoto kuchora vikombe na matofaa. Picha ilibaki juu ya sanduku, imekauka, na Aimkan aliifuta vumbi.

Uchungu ulimshika siku ya baridi isiyo na upepo, jua limetoka tu. Burul akaja na mfuko wake. Wakafunga kamba kwenye boriti ya dari aishike, wakamwaga majivu sakafuni, Toktokan akamshika mgongo. Ilimchukua muda mrefu. Burul alimwambia apige kelele, zinasaidia, naye hakupiga hata moja. Aliuma mdomo mpaka ukatoka damu. "Piga kelele, mwanangu, hii si aibu," Burul akasema. Aimkan akatikisa kichwa.

Mtoto akatoka. Alikuwa msichana, mdogo, mwekundu, amekunjamana.

"Mbona halii?" Aimkan akauliza.

"Ngoja." Burul akampiga makalio, akamfuta kinywa. Akalia.

"Ndiye huyo analia?"

"Si unamsikia!"

"Kitovu kimekatwa?"

"Kimekatwa."

"Kondo limetoka lote?"

"Lote, safi. Mbona unanihoji kama daktari? Lala."

Aimkan hakulala. Akamtazama Janyl. "Wifi, nipe kitambaa cheusi."

Burul alidhani homa imempanda. Janyl alilifungua lile sanduku, akakitoa. Aimkan akafunga kichwa chake mwenyewe, akageuka akaupa ukuta uso, kama mjane anavyokaa, akaanza kulia kwa sauti. Alikuwa ameitunza sauti hiyo siku zote zile na ilikuwa nzima, haijapungua. Alisema, "Sagyn wangu, Sagyn, nani alikufunika?" Hakuwahi kulitaja jina hilo mbele ya mama mkwe tangu aolewe, maana kwetu mke hataji jina la mumewe. Sasa alilitaja, akalitaja tena, akamwimbia barafu na korongo na mkono uliozungushwa hatamu, mambo ambayo Janyl alikuwa amemweleza kidogo kidogo bandani, siku zilizofuata.

Toktokan alikuwa ameshika bakuli la maji ya mtoto. Likaanguka.

"Ulijua?" akasema.

Aimkan hakugeuka. "Mkia, mama. Mkia haukuwa wake."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na ulikuwa unafuma."

"Na wewe ulikuwa unafuma."

Huko nje watu walikuwa wameshasikia. Kijiji kizima kilikuwa kinasubiri sauti hiyo, wengine kwa kuiogopa, wengine kwa kuitamani. Mlango wa kwanza ukafunguka, kisha mwingine, na wanaume wakaja mbio kwenye theluji, wameinama, wanaegemea fimbo, wanalia kwa sauti kubwa, "Ndugu yangu wee! Ndugu yangu!" Omurkul alikuwa mbele, kofia imemwanguka, hakuiokota. Wanawake wakaingia ndani wakakumbatiana na mjane mmoja mmoja, kila mmoja na wimbo wake wa kilio. Hema la msiba likasimamishwa uani siku hiyo hiyo, na mtoto yuko ndani, hajapata hata jina, masikio yake yanafunguliwa na kilio.

Watu walipokuja kwa Toktokan wamkumbatie, walimkuta amekaa chini pembeni mwa jiko, kinywa wazi. Alikuwa anataka kulia. Walimwona anavuta pumzi, kifua kinapanda, na hakuna kinachotoka. Walimsugua mgongo, wakamwimbia wao ili adakie, wakamtajia jina la mwanawe. Alikuwa ameishikilia sauti ile kwa meno siku nyingi mno, na sasa alipoiachia haikuwepo. Bibi mmoja akasema atalia kesho. Hakulia kesho, Janyl anasema, wala karamuni Jeerde alipochinjwa, wala tena.

Jumaday alikuja alasiri, wa mwisho. Hakulia njiani kama wengine. Akasimama mlangoni, na wanawake wakampisha. Aimkan akamgeukia, macho yamevimba.

"Mwalimu, nani alikufundisha kudanganya?"

"Sikufundishwa. Ndiyo maana."

"Ungemleta na mkia wake uliokatwa ningeanguka hapahapa. Ungeweza kudanganya vizuri ningelala usingizi kila usiku. Wewe hukuweza hiki wala kile." Akavuta pumzi. "Sijui nikwambie nini. Ingia, chai ipo."

Akaingia akakaa karibu na mlango, akapewa bakuli. Aliomba aondoe ule mkia, ana kisu, rangi ya chini bado ipo. Aimkan akasema, "Uache. Mtu asiyejua atadhani baba yake yuko hai," akimwangalia mtoto. Kisha akasema, "Hapana. Ondoa. Lakini si leo."

Maziwa ya Aimkan hayakuja siku ile. Mke wa Omurkul, aliyekuwa ananyonyesha wake, akamnyonyesha mtoto, akamrudisha amefungwa vizuri. Jioni watu wakapungua. Wanaume wakabaki hemani na moto wao, ndani wakabaki wenye nyumba na Burul. Burul akalala kwanza, anakoroma. Aimkan akalala na kitambaa chake cheusi, mkono umewekwa juu ya mtoto. Janyl akajilaza miguuni kwao, ila hakufumba macho, anamwangalia mama yake.

Toktokan alikuwa bado pale kando ya jiko. Akaongeza kinyesi kikavu motoni. Akaokota vipande vya bakuli lililovunjika, akaviweka kwenye aproni, akavimwaga kwenye ndoo ya majivu taratibu, visilie. Mtoto akalalama. Toktokan akaja akamchukua asimwamshe mama yake, akamweka kifuani, akamtikisa, na kinywa chake kilikuwa kinatembea kama anayeimba, lakini Janyl hakusikia kitu. Mtoto akanyamaza. Toktokan akajinyoosha kwenye blanketi la sufu, mtoto kifuani, akavuta ngozi ya kondoo juu yao wote wawili. Alikaa macho kwa muda mrefu, anatazama dari. Ndipo Janyl akalala yeye. Na mama yake, kama alivyomwambia Janyl asubuhi, alilala baada yake kidogo, moto ulipobaki makaa mekundu.